Jaribio la Kutokuwepo

Hospitalini walimwita Kimya, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kila Jumatatu asubuhi alizunguka wodi zote akiwaambia wauguzi wasishtuke, akahakikisha mashine za wagonjwa mahututi zina betri, kisha akashuka hadi kwenye chumba cha jenereta nyuma ya jengo. Huko alishika swichi kubwa ya umeme wa nje, akainua kidole na kusema, "Kimya!" Halafu akauzima. Taa zikafa, feni zikalegea, friji za dawa zikanyamaza, na yeye akasimama kichwa upande kama mtu anayetega sikio kwenye ukuta wa jirani, mpaka jenereta ikohoe, ishike, na jengo zima lipate uhai tena. Katika muda huo aliyekuwa na swali alilimeza, na aliyekuwa na kikohozi alikiahirisha.

Wapo waliomuuliza kwa nini awasumbue watu ilhali umeme upo. Jibu lake lilikuwa lile lile. "Jenereta isiyojaribiwa ni chuma kilichopakwa rangi. Siku ya shida siyo siku ya kujua."

Alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi katika mambo mengi, na hapo ndipo ilipokuwa kazi ya kuishi naye. Nyumbani alikuwa sahihi kuhusu namna ya kukunja taulo, kuhusu bomba kukazwa kwa vidole viwili na si kwa ngumi, kuhusu mlango wa friji, kuhusu nani aliyeacha taa ya choo inawaka. Mtu anayekosea husamehewa yakaisha. Mtu aliye sahihi kila siku hana cha kusamehewa, huvumiliwa tu.

Ugonjwa ulianzia kwenye ngazi. Zile za kutoka chumba cha jenereta zilianza kuwa ndefu, na Jumatatu moja, taa zilipokuwa zimesharudi zamani, pumzi yake yeye ilikuwa bado njiani. Muuguzi mmoja alimkuta ameketi kwenye ngazi ya katikati, midomo imebadilika rangi, akamshika mkono kama mtoto mtoro na kumfikisha kwa daktari wa moyo.

Daktari alimpima kwa siku kadhaa, kisha akamweleza bila mafumbo. Vali moja ya moyo ilikuwa imekakamaa. Ilibidi iondolewe, awekewe nyingine. Upasuaji ungefanyika mwezi ujao. Mpaka hapo asipande ngazi, asibebe kitu, asifike kazini.

"Uwezekano ukoje?" aliuliza Kimya.

"Mzuri. Tunafanya kazi hii mara nyingi."

"Mzuri siyo jibu, daktari. Nipe namba."

Daktari alimtazama. "Katika wagonjwa ishirini wa hali yako, mmoja tunampoteza mezani au siku zinazofuata. Tusipokupasua, sikupi namba, maana hutaipenda."

Kimya alishukuru. Aliuliza kama taa ya chumba cha upasuaji bado inapepesa, akaambiwa haipepesi tena, akaondoka. Kwenye korido alishika ukuta muda mrefu kidogo kuliko pumzi ilivyohitaji. Hayo ndiyo yaliyoonekana. Ya ndani hakuna aliyeyaona, na yeye mwenyewe hakuwa na zoea la kuyaangalia.

Nyumba yake ilikuwa na chumba cha mbele ambamo mkewe alishona sare za shule. Cherehani ilikaa dirishani, na mezani mashati yalipangwa kwa ukubwa. Mdogo wa kike wa mkewe, ambaye alikuja kupumzika wiki moja miaka mingi iliyopita na hakuna aliyemkumbusha kuondoka, alipachika vifungo na kutoboa matundu yake. Mtoto wao wa pekee, kijana mkubwa, aliendesha gari la kusambaza mikate. Aliingia jioni, akala, akaaga kwenda chumbani kwake. Alikuwa na adabu zote isipokuwa ile ya kukaa.

Jioni ile Kimya aliwaeleza yote mezani, namba na vyote. Mkewe aliacha kijiko ndani ya bakuli. Kijana alitazama mikono yake. Kabla kilio hakijapata pa kuanzia, Kimya aliinua kidole.

"Nimefikiri. Nisipotoka kule, nyumba hii itajiendesha vipi? Hatujui. Kwa hiyo tutajaribu."

"Tutajaribu nini, Baba?" aliuliza kijana.

"Kuanzia kesho, kwa wiki nzima, mimi sipo. Nitakuwa humu humu ndani, lakini sipo. Msiniulize kitu, msinipe kitu, msinisemeshe. Kikiharibika kitu, tengenezeni. Mimi nitaangalia wapi pana udhaifu, halafu tutarekebisha mapema."

Shemeji alifuta mdomo. "Shemeji, wewe hata ukifa kweli, utachungulia ndani ya jeneza uhakikishe misumari imepigwa kwa mstari."

"Misumari haifai. Watumie skrubu."

Kijana alicheka, kisha akakumbuka kinachozungumzwa, akaacha. Mke hakucheka.

"Wiki nzima?" aliuliza.

"Wiki nzima."

"Na mtihani ni mtihani?"

"Mtihani ni mtihani, Mama. La sivyo tunacheza."

Mke alimtazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukitia mkasi. "Haya," akasema. Kama Kimya angekuwa na jicho la kusoma uso kama alilokuwa nalo la kusoma mita, angeogopa hapo hapo.

Siku ya kwanza ilikuwa na mikosi ya kuchekesha. Asubuhi alikaa kwenye kochi la chumba cha mbele, mahali panapoonekana nyumba yote, mikono juu ya magoti. Akaingia mwalimu kijana wa kike kuchukua sare za darasa lake.

"Hodi! Habari za hapa? Shikamoo, mzee."

Kimya alinyamaza. Mwalimu alidhani hakusikika. "Shikamoo, mzee!"

Jasho lilimtoka Kimya. Toka azaliwe hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu ikianguka chini. Lakini sheria aliitunga mwenyewe, na mkewe alikuwa anamtazama kwa kona ya jicho.

"Usihangaike, mwalimu," alisema shemeji akiuma uzi. "Huyo hayupo."

"Hayupo?"

"Hayupo. Hesabu mashati yako, mwanangu, yasije yakapungua."

Mwalimu aliyahesabu haraka, akatoka kinyumenyume.

Mchana gesi ilikwisha katikati ya kupika. Dada wawili waliuburuta mtungi mpya mpaka jikoni, wakafunga kichwa chake, na Kimya akasikia sauti nyembamba ya kuvuja. Akainuka.

"Dada," alisema shemeji bila kugeuka, "kuna upepo umesimama pale kwenye kochi."

Upepo ukaketi. Mkewe alifungua dirisha, akapaka povu la sabuni kwenye mdomo wa mtungi, akaona kiputo kinapovimba, akafungua na kufunga upya. Povu likatulia. Kimya aliwapa alama zao moyoni. Chakula kilipoiva waliandaa sahani tatu, moja wakamfunikia kijana. Walipomaliza alikwenda kujipakulia mwenyewe kilichobaki.

"Marehemu wa nyumba hii anakula," alisema shemeji. "Wa wenzetu wanapumzika tu."

Siku iliyofuata pampu ya kupandisha maji ikagoma. Iliunguruma, maji hayakupanda. Kimya aliijua dawa yake kama anavyojua jina lake: imeingia hewa, inatakiwa ijazwe maji kwanza, na kwa kazi hiyo alikuwa na mrija maalum wa kumiminia aliouunda kwa mikono yake na kuuficha juu ya kabati ili usipotezwe na wasiojua thamani yake. Alikwenda uani nyuma, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama.

Kijana alifungua nati isiyokuwa yenyewe. Maji machafu yakamrukia kifuani. Kimya aliuma ulimi. Kijana alifunga ile, akafungua nyingine, safari hii sawasawa, akatafuta cha kumiminia, akakosa. Akachukua chupa ya plastiki, akaikata nusu kwa kisu, akaigeuza mdomo chini ikawa mrija, akajaza pampu. Ikachukua muda wa kunywa kikombe cha chai ya vuguvugu. Mrija maalum usingewahi hivyo.

Mama mdogo wake alimpelekea taulo. "Fundi!"

Kijana alijipangusa, kisha akakaza uso, akaweka mikono nyuma, akashusha sauti mpaka tumboni. "Nani kakufundisha kushika spana hivyo? Eh? Spana haishikwi kama mwiko. Kimya! Nisikie pampu."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Hata mke, aliyekuwa mlangoni, alicheka, mkono mdomoni. Kijana aliendelea, akakagua taulo, akalikunja mara tatu, akalikunjua, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Ilikuwa igizo zuri. Kimya, juu ya ndoo yake, alilitambua kila jambo: mikono, sauti, hata ile pumzi fupi ya puani kabla ya kukosoa. Hakuna mtu aliyekuwa anamdhihaki usoni, maana hakuwepo.

Jioni hiyo kijana hakuaga baada ya kula. Alikaa. Akawasimulia jinsi alivyounda rafu za mbao ndani ya gari ili mikate ya chini isipondwe na ya juu, na jinsi mwenye kiwanda alivyoziona, akaagiza magari yote yatengenezwe vile vile.

"Lini hiyo?" aliuliza mama yake.

"Tangu mwaka jana."

"Hukusema!"

"Ningesema, Baba angekuja kukagua skrubu."

Walicheka tena, kwa wema, kama watu wanaomkumbuka mtu wao. Kimya alikuwa kwenye kochi, hatua chache tu. Alikuwa na mwanawe miaka yote hiyo chini ya paa moja, na hii ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba yule kijana ana kichwa cha kuunda kitu. Alijiuliza angesema nini kama angeambiwa mwaka jana. Alikuwa mkweli vya kutosha kulijua jibu: angeuliza skrubu za namba gani.

Siku zilivyosonga, majibu ya jaribio yalijipanga wazi. Bomba lilikazwa. Fundi wa paa aliitwa, akatolewa jasho kwa maswali. Nyumba ilishika mzigo wote. Na juu ya hayo kulikuwa na jibu ambalo hakuliomba: nyumba ilichangamka. Milango ilifungwa kwa kishindo bila mtu kugeuka kuangalia kochi. Redio iliimba jikoni. Kimya hakukasirika, kwa sababu hakuwa mtu wa kuikasirikia mita ikimwonyesha asichopenda. Lakini aliacha kujipakulia chakula, na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana sheria ilikataza.

Kisha mkewe akafungua kabati.

Ilikuwa asubuhi, jua limejaa chumbani. Alitoa mashati ya Kimya moja moja, akayakunja, akayatia kwenye mfuko. Akatoa koti lake la sufu, lile la kuvaa kwenye mambo makubwa, akalikung'uta, akatoka nalo nje. Kupitia dirishani Kimya alimwona akivuka njia mpaka kwa jirani wa mbele, mlinzi wa bohari, mtu ambaye yeye Kimya hakusalimiana naye sawasawa kwa sababu ya maji ya bafuni yaliyopita pasipotakiwa. Alimwona mlinzi akilipokea koti kwa mikono miwili. Alimwona akilivaa.

Mke alirudi, akachukua suruali nyeusi ya Kimya, akaitandaza kwenye meza ya kushonea, akapima kiuno kwa futi ya kamba.

"Nataka kumpunguzia kijana," alimwambia mdogo wake. "Baba yake alikuwa mnene kidogo hapa."

Kimya alikuja akasimama kizingitini. "Mama, hiyo suruali bado naivaa."

"Umesikia kitu?" aliuliza mke.

Shemeji alitazama sindano yake. Utani ulikuwa umemwisha usoni. "Mbu," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi, Mama. Jaribio limekwisha. Nimelikatisha."

"Wiki haijaisha," mke aliyaambia mashati. "Na marehemu hakatishi." Akatia chaki, akashika mkasi. "Kitanda pia tutakisogeza dirishani. Mtu mmoja hahitaji nafasi yote ile."

Mkasi ulikata. Ulikuwa mkasi mkali, na kitambaa kizuri; sauti yake ilikuwa fupi na safi. Kimya alijishusha polepole kwenye kizingiti, akakaa sakafuni, mgongo kwenye fremu ya mlango. Pumzi ilimkaba. Alisubiri irudi, maana alikuwa na neno moja tu na hakutaka likatike.

"Nipo," alisema.

Mkasi ulisimama.

"Umesema nini?" Safari hii mke aliuliza akimtazama yeye.

"Nipo, Mama. Niko hapa."

Shemeji aliinuka, akasema anakwenda kuangalia maji jikoni, ingawa hakuna maji yaliyokuwa jikoni.

Mke aliweka mkasi mezani, ukiwa umefungwa, ncha upande wa ukuta, kama alivyofundishwa tangu msichana. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Daktari alikupa mwezi. Mwezi mzima wa kuwa hai, kwa uhakika. Zaidi ya hapo hajui. Ni mwezi wako, lakini na mimi nina fungu langu. Wewe ukachukua wiki ya kwanza ukaifanya msiba. Hukuniuliza. Nikasema sawa, anataka kuona nyumba bila yeye; basi aione yote, asiishie kwenye pampu. Aone kabati. Aone kitanda." Alinyoosha ile suruali iliyokatwa. "Haya. Umeona nini?"

Kimya alifikiri. Alipoulizwa swali la namna hiyo hakuweza kujibu pasipo ukweli, ndivyo alivyoumbwa.

"Gesi mmeiweza. Povu ulipaka vizuri. Pampu mmeiweza, na kwa ile chupa ni haraka kuliko ninavyofanya mimi. Yule kijana ana akili kuliko nilivyojua. Nyumba inacheka zaidi."

"Kwa hiyo tumefaulu."

"Mmefaulu. Nilitaka mshindwe. Si sana. Kidogo tu."

Mke alimtazama, halafu kitu kikamtoka kooni, kicheko au kinginecho, na akalazimika kugeuka dirishani mpaka kipite. Kilipopita aliinama chini ya meza, akavuta kapu la nguo, akalimwaga mapajani mwa mumewe.

Yalikuwa mashati ya shule, meupe, mapya. Kimya hakujua ushonaji, lakini alijua vitu vinavyopaswa kulingana. Alinyanyua moja, akaligeuza. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Akachukua la pili. Kola imeshonwa nje ndani. La tatu, mfuko ulikuwa mgongoni.

"Haya ni ya nani?"

"Yangu. Ya wiki hii." Mke alikaa sakafuni, upande wa pili wa kizingiti, magoti yakigusana na yake. "Mimi nashona shati na macho yamefumbwa, unajua. Nimefundisha nusu ya washonaji wa hapa. Nakaa pale, nacheka na wenzangu, redio inaimba, mguu unakanyaga cherehani. Nikimaliza naangalia, mfuko uko mgongoni. Nayaficha mdogo wangu asiyaone. Umepima mzigo, Baba. Mzigo tumebeba. Ulipima tunachochoma?"

Katika kazi yake yote, Kimya hakuwahi kuijaribu jenereta bila kupima mafuta kabla na baada. Lilikuwa jambo la kwanza analofanya fundi yeyote mwenye akili. Alitazama lile rundo la mashati, na uso ukamwaka moto.

"Sikupima," alisema.

Kisha Kimya aliomba wembe. Mke alimpa ule wa kufumulia, akamwonyesha mara moja: unauingiza chini ya uzi, unakata mmoja, unaruka mitatu, unakata mwingine, halafu unavuta. Akashika vizuri mara ya kwanza. Ilikuwa kazi ya kumfaa, ndogo, ya subira, isiyohitaji pumzi. Walifumua mikono ya kushoto mpaka jua likahama upande wa pili wa chumba. Mara moja mke alivuta uzi kwa nguvu, kitambaa kikafinyana. Kimya alivuta ile pumzi fupi ya puani. Akaisikia mwenyewe. Akaitoa tena bila neno juu yake.

"Sema tu," alisema mke.

"Hapana. Nilikuwa napumua."

Kijana aliporudi jioni aliwakuta wote watatu sakafuni katikati ya nyuzi, akauliza kwa tahadhari, "Baba yupo?"

"Amefufuka," alisema shemeji. "Na ana njaa. Sogeza sahani."

Siku zilizobaki Kimya hakugeuka malaika, maana watu hawageuki hivyo, na taulo zilikunjwa upya mara kadhaa asipotazamwa. Lakini alivuka njia kwenda kwa mlinzi wa bohari, polepole, akipumzika katikati kama mtu anayetafuta anwani. Mlinzi alimfungulia akiwa amevaa koti.

"Mkeo kaniambia ni la marehemu," alisema. "Nikamwuliza marehemu yupi, maana nilikuwa nimekuona jana yake dirishani umenuna. Akasema huyo huyo. Nikasema ya ndani yao siyaingilii." Akaanza kufungua vifungo.

Kimya aliona kwamba mikono ya koti ilimfika mlinzi mahali pake hasa, wakati yeye ilimzidi siku zote. "Liache," alisema. "Limekukaa." Alikaribishwa, akakaa, na maji ya bafuni yakazungumzwa na kuishia pale pale, kwa bomba fupi ambalo kijana angelileta kesho.

Na kesho yake aliomba kuonyeshwa rafu za gari. Kijana alifungua milango ya nyuma kama anayefungua mdomo kwa daktari wa meno. Kimya alichungulia ndani, harufu ya mkate ikamjia. Akagusa ubao, akautikisa. Skrubu moja ilikuwa imelegea. Aliiona, na kijana aliona kwamba ameiona.

"Ulijuaje upana wa kuacha?" aliuliza Kimya.

Kijana alingoja sehemu ya pili ya swali. Haikuja. Akaanza kueleza, kwanza kwa maneno machache, halafu kwa mengi, akipanda ndani ya gari, akionyesha jinsi mkate unavyovimba ukiwa moto na kusinyaa ukipoa, jinsi alivyoharibu ubao wa kwanza, na wa pili. Baba yake alikuwa ameegemea mlango, akiuliza pale tu asipoelewa. Mwishoni kijana mwenyewe alichukua bisibisi. "Hii imelegea," alisema.

"Nikushikie tochi?"

"Shika, Baba."

Alilazwa siku moja kabla ya upasuaji, alasiri, kwenye wodi aliyoijua kila waya wake. Wauguzi walimtania, wakamtandikia. Kijana na mama yake mdogo walikuja, wakakaa, wakaaga kwa maneno mepesi, kijana akirudi mlangoni mara mbili. Mke alibaki peke yake. Alimtazama miguuni.

"Kucha hizi vipi?"

"Siwezi kuinama. Pumzi inakata."

"Tangu lini?"

"Muda."

"Na ukanyamaza." Alitoa kikata kucha ndani ya mkoba, akavuta kiti mpaka mwisho wa kitanda, akaweka mguu wa kushoto wa mumewe juu ya paja lake. Alianza na kidole kidogo. Kimya angeanza na kikubwa, lakini ule ulikuwa mguu uliopumzika kwenye paja la mtu, na haukuwa na haraka.

"Mama."

"Naam."

"Naogopa."

Kikata kucha kilisimama. Katika maisha yao mke alikuwa amesikia mengi kutoka kwa mtu huyu, kuhusu nyaya, kuhusu nati, kuhusu taa ya choo. Hili halikuwemo.

"Na mimi naogopa," alisema. Akahamia kidole kinachofuata.

Alikata polepole, akipangusa kila ukucha kwa kitambaa. Alipomaliza mguu ule aliushika kwa mikono yote miwili muda kidogo, kisha muuguzi akapita akisema saa ya wageni imekwisha, mama, samahani. Mke aliurudisha mguu kitandani, akaufunika. Akatia kikata kucha ndani ya mkoba na kuvuta zipu.

"Wa kulia bado," alisema Kimya.

"Najua."

"Dakika mbili tu. Muuguzi nitamwambia mimi."

"Wa kulia nitaukata ukizinduka."

Kimya alitazama miguu yake miwili chini ya shuka, mmoja nadhifu, mwingine vile ulivyokuwa. Alifungua mdomo. Aliufunga. Mkewe alikuwa amesimama, mkoba kifuani, akisubiri kuona kama atabishana.

"Basi usichelewe," alisema.

"Wewe ndiye usichelewe," alijibu mke, akamwekea mkono kwenye paji la uso, akatoka.